Futi Juu ya Kitambi

Daktari mwenyewe alikuwa na jina la heshima lililoandikwa mlangoni kwa herufi za shaba, lakini hospitali nzima, kuanzia mapokezi hadi chumba cha kufulia mashuka, ilimwita Mama Mpira. Alijitakia. Popote alipokwenda alibeba mkobani vipande viwili, kimoja cha mpira laini na kingine cha bomba gumu la plastiki, na akimpata mtu mwenye dakika mbili za kupoteza, alimtia kimoja kila mkono na kumwambia abinye.

"Huu ndio mshipa wako ulipokuwa kijana. Na huu ndio mshipa wako leo. Moyo wako unasukuma damu kwenye hili bomba mchana kutwa, usiku kucha, halafu unashangaa kwa nini umechoka?"

Alishawabinyisha wakurugenzi, madereva, wanafunzi wa udaktari, na bwana mmoja maskini wa Mungu aliyekuja tu kutengeneza kiyoyozi.

Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini jambo lenyewe hakulifanyia mzaha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitafuta kitu kimoja: kidonge cha kulainisha mishipa iliyokakamaa. Si cha kushusha presha, hivyo vipo vya kila rangi. Yeye alitaka kuulainisha mshipa wenyewe, ule mkubwa unaotoka moyoni, ili moyo upumzike kabla haujachoka kabisa. Dawa ya kwanza aliyoijaribu ililegeza mishipa na wenye mishipa pia, wawili wakaanguka wakiwa kwenye foleni. Ya pili haikufanya lolote ila kugeuza mkojo wa watu kuwa rangi ya machungwa. Mwingine angeshakwenda kufungua zahanati yake na kutibu mafua kwa raha zake. Mama Mpira alianza ya tatu.

Aliyempenda kuliko wote kazini, japo hakuwahi kumwambia, alikuwa muuguzi wake wa vipimo. Huyu aliitwa Sista Futi, kwa sababu futi ya kitambaa ilikuwa shingoni mwake asubuhi hadi jioni kama ya mshona nguo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mshiriki analala chali. Sista anaweka kalamu ya mashine shingoni, pale pigo linaporukaruka, kisha kinenani, na mashine inasema pigo limechukua muda gani kutoka hapa hadi pale. Halafu anapima umbali wa hapa hadi pale kwa futi. Umbali ukiugawa kwa muda unapata mwendo. Mshipa laini hulibembeleza pigo likatembea, mshipa mgumu hulirusha likakimbia. Kwa hiyo mwendo ukipungua, mshipa umelainika, na dawa imefanya kazi.

Kuifanya kazi hiyo vizuri ndiko kulikokuwa na kazi, na Sista Futi hakuwa na mpinzani. Chumba chake kilikuwa na joto lilelile kila siku. Mshiriki alilala kimya dakika kumi kamili kabla hajaguswa. Meneja mmoja wa benki alirudishwa nyumbani na tai yake kwa sababu alikuwa amekunywa kahawa, na alipofoka aliambiwa kwa upole kwamba kufoka nako kunaharibu kipimo. Hata Kikokotoo, kijana wa takwimu aliyemshuku kila mtu mpaka mama yake mzazi, alikuwa akisema: "Namba ikitoka kwa Sista, mimi siihoji."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, lakini nisiharakishe.

Dawa ya tatu ilipewa watu themanini na wanne kwa mwaka mzima. Nusu yao walimeza dawa yenyewe, nusu walimeza vidonge vilivyofanana nayo ambavyo havikuwa na kitu ndani, na hakuna aliyejua nani kapewa nini. Orodha ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli. Bahasha ilikuwa ifunguliwe Ijumaa. Lakini hata kabla ya Ijumaa, vipimo vya mwisho vilikuwa vimeanza kuzungumza. Karibu nusu ya watu mwendo wao ulikuwa umepungua, tena si haba. Nusu nyingine walikuwa palepale. Kikokotoo alianza kupiga mluzi kwenye korido. Mama Mpira alikataza mtu yeyote kushangilia kabla ya bahasha, ila Sista Futi alimkuta siku moja amesimama peke yake dirishani, ameshika kipande chake cha mpira laini, anatabasamu kama bibi harusi. Sista alirudi kinyumenyume asimharibie. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, maana alimpenda mama yule na alitaka apate.

Jumatatu ya wiki hiyo alibaki mshiriki mmoja tu wa kupimwa, fundi cherehani wa makamo, mcheshi, aliyeingia mwaka uliopita akiwa na kitambi cha kutangulia mlangoni na sasa alikuwa amebaki mwembamba kiasi cha kushikilia suruali kwa mkono. Alilala dakika zake kumi bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa adhabu. Sista akamaliza kalamu, akavua futi shingoni, akailaza juu ya mwili wa fundi kutoka shingoni hadi kinenani.

"Sista, samahani," fundi akasema, macho darini. "Hapo unapima mtu au unapima tumbo?"

"Napima umbali, Fundi. Tulia."

"Nimetulia. Nauliza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mwaka jana hiyo futi ulinipandishia mlimani ukanishushia upande wa pili. Leo mlima haupo. Mwaka jana uliandika ngapi?"

Sista Futi akafungua faili, zaidi kwa kumridhisha. "Sitini na nne."

"Na leo?"

Akatazama futi. "Hamsini na saba."

"Basi nimefupika sentimita saba," fundi akasema, akaanza kucheka peke yake kitandani. "Mke wangu ataniacha. Kitambi sawa, lakini urefu!"

Alikuwa anatania tu. Aliposhuka kitandani alikuwa tayari amehamia kwenye stori nyingine, ya mteja aliyekataa kulipa mifuko ya koti kwa kuwa hakuiona. Sista Futi alimsindikiza hadi mlangoni akitabasamu, akafunga mlango. Akakaa kwenye kile kitanda cha wagonjwa.

Mwongozo wa kazi ulikuwa kwenye rafu mbele yake na hakuhitaji kuufungua. Ukurasa wa tisa ulisema futi inyooshwe hewani, watu wawili, mmoja kila ncha, isiguse tumbo. Mwanzoni walikuwa wawili kweli. Mwenzake akaenda likizo ya uzazi, kisha akahamishiwa wodi ya watoto, na Sista akabaki peke yake na futi ya kitambaa inayolegea. Siku moja aliilaza juu ya mgonjwa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Siku ya pili pia. Baada ya mwezi mkono wake ulikuwa umesahau kwamba kuna njia nyingine. Watu wote themanini na wanne aliwapima hivyo, mwanzo na mwisho. Na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa namba zilitoka kwake.

Akaanza kuvuta mafaili. Hakuangalia mwendo, ambao kila mtu alikuwa anaushangilia, aliangalia umbali. Dereva wa lori: amefupika sentimita sita. Mwalimu mkuu: tano. Mpishi wa shule: nane, na huyo alikuwa amepungua mpaka majirani wakawa wanamwuliza kulikoni. Halafu akaangalia wale ambao mwendo haukubadilika. Hao walikuwa na vitambi vyao vilevile, na urefu wao uleule.

Kile kidonge, chochote kilichokuwa ndani yake, kilikuwa kinakata hamu ya chakula. Vitambi vikaisha, futi ikashuka mlimani, umbali ukapungua kwenye karatasi, na mwendo ukaonekana kupungua nao. Mishipa huenda haikulainika hata chembe.

Jioni alifika nyumbani akamkuta mumewe, fundi umeme, amejinyoosha kwenye kochi na binti yao anamsomea kazi za shule. Mume huyo alikuwa na kitambi kizuri, cha kujivunia.

"Vua shati ulale chini," Sista akamwambia.

"Mbele ya mtoto?"

"Nataka kukupima."

Akalala mkekani. Sista akamlazia futi juu ya tumbo, kisha akampa binti yake ncha moja waishike hewani, imekaza, isiguse.

"Unanipimia sanda?" mume akauliza. "Maana sijisikii vibaya."

Juu ya tumbo ilikuwa sitini na sita. Hewani, hamsini na nane. Mtoto alisoma namba kwa sauti, akaona mama yake amekaa sakafuni anajifuta macho kwa pindo la kanga. Mume aliinuka bila utani tena. Sista akamweleza yote.

"Utamwambia?" mume akauliza.

"Miaka kumi na tisa ameitafuta. Imefika mkononi mwake. Halafu mimi ndiye niende nikamnyang'anye?"

"Sijauliza hivyo."

"Najua hujauliza hivyo," Sista akasema.

Asubuhi alimkuta Kikokotoo kwenye chumba cha chai, akamweleza kwa sauti ya chini. Kijana aliweka kikombe mezani polepole. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameshaona jina lake kwenye jarida kubwa la kitabibu, na mtu akishaona jina lake mahali ni vigumu kulifuta.

"Wote uliwapima kwa njia moja," akasema. "Hukumpendelea mtu. Makundi yote mawili, mkono mmoja, futi moja. Kitaalamu mtu anaweza kutetea hilo."

"Lakini waliopungua ni kundi moja."

"Hatujui bado. Bahasha haijafunguliwa." Akatazama mlango. "Sista, ukinyamaza mpaka Ijumaa, hakuna atakayejua. Hata mimi sijasikia."

Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko alivyotaka yawe. Alitembea nayo korido nzima, akayageuza huku na huku. Alipofika kwenye mlango wenye herufi za shaba akapiga moyo konde, akagonga upesi kabla hajabadili nia.

Mama Mpira alisikiliza bila kumkatiza. Sista Futi alisema kila kitu, pamoja na ukurasa wa tisa, pamoja na foleni ndefu, hakujitetea. Akamaliza kwa kuweka mezani faili la fundi cherehani, limefunguliwa mahali pa umbali. Mama Mpira akavaa miwani. Akasoma sitini na nne. Akasoma hamsini na saba. Akavua miwani akaishika mkononi muda mrefu, na uso wake ukazeeka pale pale Sista akiutazama. Hakuna kitu kibaya kama kumwona mtu mzima akiagana na jambo kimyakimya.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Alilijua swali hilo. Ndilo watu huuliza kabla ya kufunga mlango na kuanza kusema kwa kunong'ona.

"Kikokotoo. Na mume wangu. Na fundi mwenyewe, japo yeye hajui kwamba anajua."

"Fundi ndiye aliyeona?"

"Ndiye."

"Basi andika anwani yake vizuri," Mama Mpira akasema. "Lazima tumtaje kwenye shukrani. Mimi nimepitia karatasi hizi mwaka mzima na digrii zangu zote, sikuona. Mtu kalala chali ameona."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Sasa alikuwa anafikiri, na Mama Mpira akifikiri ilikuwa raha kumtazama hata siku ya msiba.

"Muda," akasema. "Muda wa pigo uliupima kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, mara tatu kila mtu."

"Kalamu haijui kitambi. Kwa hiyo muda ni mzima, wa mwaka jana na wa mwaka huu. Kilichooza ni umbali tu. Sasa niambie, mtu mzima akipungua kitambi, mifupa yake inasogea?"

"Haisogei."

"Basi umbali wa kweli wa leo ndio umbali wa kweli wa mwaka jana. Tuwaite wote, tuwapime upya kwa kitu kilichonyooka, tugawe kwa muda wa zamani na wa sasa. Hatujapoteza mwaka, mwanangu. Tumepoteza wiki tatu."

Sista Futi alitoa mfukoni barua aliyoiandika alfajiri, ya kuacha kazi, akaiweka juu ya faili. Mama Mpira aliisoma mstari wa kwanza tu, akaikunja mara nne.

"Nani ameruhusu muuguzi mmoja afanye kazi ya watu wawili?" akauliza. "Saini ya nani iko kwenye ule uhamisho wa mwenzako? Yangu. Sijaandika barua ya kuacha kazi, sina nafasi. Na wewe huna. Nitafutie seremala."

Seremala wa hospitali alichonga rula ndefu ya mbao yenye mikono miwili, mmoja umesimama imara na mwingine unateleza, ili ipite juu ya tumbo lolote bila kuligusa. Bahasha ikabaki kabatini. Kwa wiki tatu watu walikuja, mmoja baada ya mwingine, wakiuliza kwa nini, na kila mmoja aliambiwa ukweli: tulikosea kupima. Kikokotoo aliacha mluzi, lakini pia aliacha kula chakula cha mchana, akawa ndiye mtu wa pili kwenye chumba cha vipimo, akisoma rula upande wa pili na kuandika namba yake bila kuiona ya Sista, kisha wanalinganisha. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa ya tatu bahasha ilifunguliwa. Ilichukua dakika kumi na tano za kukokotoa. Dawa ya kweli ilikuwa imepunguza vitambi, hilo halikuwa na ubishi. Mishipa ilikuwa migumu vilevile. Kundi la dawa na kundi la vidonge vitupu walilingana hadi kwenye nukta.

Mama Mpira alisema, "Haya." Akaingia chooni, akakaa humo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na hakujisumbua kuyaficha. "Niliitaka hii," akamwambia Sista. "Sitakudanganya. Niliitaka sana hii."

Sista Futi akamshika mkono. Hakuwa amewahi kumshika mkono bosi wake. Ndani ya moyo wake, pamoja na uchungu wote, alijisikia mwenye bahati ya ajabu kufanya kazi kwa mtu wa namna hii, na akaona aibu kwamba kwa korido nzima siku ile alitaka kumfichia.

Washiriki ndio waliotangaziwa kwanza, kabla ya wakurugenzi, kabla ya jarida lolote. Mama Mpira alitaka hivyo. Walikuja themanini na mmoja, watatu walikuwa safarini, wakajaza ukumbi wa mikutano, wengine wakasimama ukutani. Akasimama mbele yao bila karatasi. Akawaambia dawa haikulainisha mishipa. Akawaambia jinsi kosa lilivyotokea, na Sista Futi akasimama mwenyewe bila kuitwa, akasema mkono uliolaza futi ulikuwa wake. Kisha fundi cherehani akainua mkono.

"Mimi nilikuwa kundi gani, Daktari?"

"Ulimeza dawa, Fundi."

"Na mishipa yangu?"

"Migumu kama ulivyokuja."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Safari hii hakuwa na utani. "Kwa hiyo nilikuwa naondoka hapa na karatasi inayosema nimepona. Mdomo wangu ndio umeiua."

"Mdomo wako umenizuia kukudanganya," Mama Mpira akasema. "Ningekudanganya kwa moyo mweupe kabisa, mpaka siku unaanguka. Na nyuma yako maelfu wangemeza kidonge hicho na kuacha kuhangaika, wakiamini wamepona."

Akaishia hapo. Watu walimtazama mwanamke yule aliyewahi kumbinyisha bomba kila mmoja wao.

"Kuna nyingine?" fundi akauliza.

"Nyingine nini?"

"Dawa nyingine. Ya nne."

Mama Mpira akafuta uso kwa kiganja. "Ipo. Sijui kama itafanya kazi. Kwa kweli, sijui kabisa."

"Hilo ndilo ninalolipenda kwako," fundi akasema. "Niandike." Akauacha mkono wake juu.

Mpishi wa shule akainua wake. Dereva wa lori akainua. Mwalimu mkuu akageuka nyuma kuona nani hajainua, kwa mazoea ya kazi yake. Mikono ikaendelea kupanda hadi ukutani, na Mama Mpira akafunika mdomo kwa kiganja akageukia ubao. Ikabidi mtu ahesabu, na mtu huyo akawa Sista Futi. Alihesabu mstari kwa mstari kwa kidole, akapata sabini na tisa. Hakuiamini namba yake mwenyewe. Akamwita Kikokotoo aanzie upande wa pili wa ukumbi, ahesabu bila kuulizana naye. Walikutana katikati.

"Sabini na tisa," Kikokotoo akasema.

Sista Futi akaandika.